"Nimekunywa Chai Tu": Tujifunze Kukadiria Nguvu ya Chakula cha Hotelini

(Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Isiolo)



Wengine mmetoka mbali, Merti, Garba Tulla, Kinna na Oldonyiro. Wengine mmetembea tu kutoka Bulla Pesa au Kambi ya Juu.

Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya kula hotelini na kuhesabu nguvu ya chakula, wengine mlicheka. Mzee mmoja alituuliza, "Huku kwetu ng'ombe wamekufa kwa ukame, nanyi mnakuja kutuambia tusile?" Swali hilo ni la haki. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na kila mtu hapa anajua kilichotokea bomani. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie kidogo. Hatukuja kuwaambia watu wasile. Tumekuja kuwaambia wajue wanachokula.

Kisa cha mweka hazina

Tunaye mama mmoja, mweka hazina wa kikundi kimoja tunachokitembelea. Jina lake hatutalitaja, lakini yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia kisa chake. Mama huyu anauza mitumba hapa mjini. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi jioni. Mwaka fulani alianza kukojoa mara kwa mara na kusikia kiu isiyokatika. Kisha akapata kidonda mguuni kisichopona. Alipopimwa akaambiwa ana ugonjwa wa sukari, na presha pia iko juu. Akaambiwa apunguze uzito.

Alikuja kwetu akiwa amekasirika. Akasema, "Nipunguze nini? Mimi nakula mara moja tu kwa siku, jioni, na watoto wangu. Mchana kutwa nimekunywa chai tu."

Tukakaa naye chini, tukamwomba atueleze hiyo "chai tu". Ikawa hivi: saa moja asubuhi, chai ya maziwa na mandazi mbili katika hoteli iliyo karibu na stendi. Mchana, sahani ya pilau na soda, kwa sababu wenzake wanachangishana. Saa kumi, chai tena na sambusa mbili. Mama alikuwa hadanganyi. Katika lugha yetu ya kila siku, chakula ni ugali au wali uliopikwa nyumbani, watu wameketi pamoja. Kinachopita hotelini katikati ya shughuli hatukiiti chakula. Hatukiweki kwenye hesabu.

Lakini mwili hauna dharau hiyo. Mwili unahesabu kila kitu.

Hatusemi kwamba mandazi ndizo zilizomletea ugonjwa. Ugonjwa wa sukari una sababu nyingi, pamoja na ukoo na umri. Lakini uzito uliozidi unaukaribisha, na mama huyu hakuwa na njia ya kuujua uzito wake unatoka wapi. Na gharama hakuilipa peke yake. Kikundi kilitoa akiba yake kwa matibabu, na zamu za mzunguko zikasimama kwa miezi kadhaa. Mmeona basi kwamba jambo hili si la mtu mmoja.

Wala hayuko peke yake. Uchunguzi uliofanywa na serikali nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake ilikuwa zaidi ya 38 katika kila 100. Na katika nyumba zetu unaweza kukuta mtoto aliyekonda kwa utapiamlo na nyanya aliye na presha wakilala chini ya paa moja.

Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, kama vile lita ni kipimo cha maziwa na kilo ni kipimo cha sukari. Ukiangalia pakiti ya unga au biskuti utaona herufi kcal. Hiyo ndiyo kalori tunayoisema leo.

Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu mmoja wa Marekani, Wilbur Atwater, alipima vyakula vingi, na hesabu yake bado inatumika. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4. Gramu moja ya protini, yaani ile ya nyama, maharagwe na maziwa, ina kalori 4 pia. Lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Shikeni neno hilo: mafuta yanazidi maradufu.

Mtu mzima anahitaji kiasi gani? Kwa kukadiria, mwanamke asiyefanya kazi nzito anahitaji kama 2,000 kwa siku, na mwanamume kama 2,500. Anayechimba mchanga, anayebeba mizigo au anayetembea na mifugo kutwa anahitaji zaidi. Ukila zaidi ya unachotumia, mwili unaweka akiba, na akiba ya mwili ni mafuta. Ninyi watu wa vikundi mnajua akiba ni nini. Tofauti ni kwamba hii haina riba, ina deni.

Mkono wako ndio mizani

Sasa mtasema, hotelini hakuna mizani, na ukimuuliza mhudumu kalori ngapi atakuona umechanganyikiwa. Ni kweli. Kwa hiyo tumieni mkono. Mkono unatembea nao, na mtu mkubwa ana mkono mkubwa.

Ngumi ni ya ugali, wali na maharagwe. Kiganja, bila vidole, ni cha nyama. Kidole gumba kizima ni cha mafuta, karibu kijiko kimoja kikubwa. Ukiletewa sahani, kabla ya kuanza kula tazama: hapa kuna ngumi ngapi? Kiganja kimoja au viwili? Kwa hoteli zetu wali wa sahani moja mara nyingi ni ngumi tatu, wakati mwingine nne.

Haya ni makadirio ya kuweka kichwani. Tumeyafanya namba za duara ili yakumbukwe. Anayetaka undani zaidi ajue kwamba mwaka 2018 serikali yetu pamoja na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walitoa majedwali ya vyakula vya Kenya.

Chai ya maziwa, kikombe kikubwa, sukari vijiko 3: kalori 150
Mandazi moja: 200
Chapati moja ya hoteli: 300 hadi 400
Sambusa moja ya nyama: 150
Ugali, ngumi moja: 200 hadi 250
Wali mweupe, ngumi moja: 200
Maharagwe, ngumi moja, kabla ya kukaangwa: 200
Nyama bila mfupa, kiganja kimoja: 150 hadi 250, kulingana na mafuta yake
Sukuma wiki, ngumi moja, kabla ya mafuta: chini ya 50
Ndizi mbivu moja: 100
Soda ya mililita 300: 130
Mafuta ya kupikia, kijiko kikubwa kimoja: 120
Sukari, kijiko kimoja cha chai: 16

Na mkila kwenye sinia? Hapa Isiolo watu wengi hula pamoja, na ni desturi nzuri. Hesabuni sinia nzima kwa ngumi, halafu gawanyeni kwa watu walioizunguka. Na kila mmoja ajiulize kwa ukweli kama alikula fungu lake tu.

Mafuta na sukari: wageni wasiopiga hodi

Wanga unaonekana. Ugali huwezi kuuficha. Lakini mafuta na sukari huingia kimya kimya, na hapo ndipo hesabu ya wengi inapoharibika.

Tuanze na mafuta. Sukuma wiki peke yake ni chakula chepesi sana. Lakini ikikaangwa kwa vijiko viwili vya mafuta imeongezwa kalori 240. Utayajuaje? Kwanza, inamisha sahani kidogo uone mafuta yanakokusanyika. Pili, angalia karatasi iliyofungia mandazi au sambusa: ikishika mafuta hadi unaona upande wa pili, nayo mandazi imeyashika. Tatu, midomo. Ukimaliza chapati na midomo inang'aa, ongeza kijiko kimoja kwenye hesabu yako.

Sukari ndiyo hatari zaidi kwa sababu tunaiita kinywaji. Soda ndogo ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya sukari. Ile ya nusu lita ina kama vijiko 13. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni kama vijiko 12. Kwa hiyo chupa moja ya nusu lita imemaliza ruhusa ya siku na kupita.

Hapa tunawakumbuka vijana wetu wa miraa. Miraa inaondoa hamu ya kula, kwa hiyo kijana atakuapia kwamba hajaonja kitu tangu asubuhi. Lakini pembeni pana chupa tatu za soda za nusu lita. Hizo ni zaidi ya kalori 600, zote sukari, hakuna protini, hakuna damu, hakuna mfupa. Huyo hajashiba na wala hajafunga.

Chai nayo. Katika hoteli nyingi sukari huchemshwa pamoja na chai ndani ya birika, huwezi kuichagua. Jifunze maneno mawili: "Sukari kando." Sema hivyo mara tatu katika hoteli moja, na mara ya nne mhudumu atakuletea bila kuulizwa.

Tuhesabu siku moja ya soko

Hebu tuchukue siku ya mweka hazina wetu, tuihesabu pamoja kama tunavyohesabu pesa za kikundi.

Asubuhi: chai 150, mandazi mbili 400. Jumla 550.
Mchana: pilau ya ngumi tatu za wali 600, mafuta vijiko viwili 240, nyama kiganja kimoja 200, soda 130. Jumla 1,170.
Saa kumi: chai 150, sambusa mbili 300. Jumla 450.

Ukijumlisha zote unapata 2,170. Hiyo ndiyo "chai tu". Mahitaji ya siku nzima yameisha, na nyumbani ugali wa jioni bado unamngoja.

Sasa tuipange siku hiyo upya, katika hoteli zile zile. Asubuhi, chai yenye kijiko kimoja cha sukari, 110, na mandazi moja, 200. Mchana, maharagwe ngumi moja pamoja na mafuta yake, 320, chapati moja, 375, na maji. Saa kumi, chai ya kijiko kimoja, 110, na ndizi, 100. Jumla ni 1,215. Ameokoa karibu kalori 1,000, na hakushinda njaa. Maharagwe yana protini na yanakaa tumboni. Tena siku hiyo ya pili haikumgharimu zaidi. Maharagwe hayajawahi kuwa ghali kuliko pilau na soda.

Mama alipoona hesabu hiyo kwenye karatasi alinyamaza. Kisha akasema neno ambalo sisi hatukuwahi kulifikiria. Alisema, "Kikundi kinaniamini na kila shilingi yake, na mimi mwenyewe sina daftari." Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Afya nayo ni mali.

Hesabu hii si ya kila mtu

Tusije tukaelewana vibaya. Yuko mtu ambaye akisikia habari hii anapaswa kuongeza, si kupunguza. Mama mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji zaidi. Mtoto anayekua msimhesabie kalori za kumnyima. Mgonjwa wa kifua kikuu, au anayeishi na virusi vya UKIMWI na amepungua uzito, anahitaji kula vizuri. Kwa hao hesabu ile ile inafanya kazi kwa upande wa pili: anayetaka nguvu kwa pesa kidogo ajue kwamba kijiko cha mafuta kwenye uji au maharagwe ni nguvu nyingi kwa bei ndogo.

Na mwenye ugonjwa wa sukari anayemeza dawa au kudungwa sindano asiruke chakula ili kupunguza kalori. Sukari inaweza kushuka ghafla na kumwangusha. Azungumze kwanza na daktari au muuguzi wa zahanati.

Tena tukomeshe kejeli. Huku kwetu mtu akipungua watu wananong'ona kwamba anaumwa au ana shida. Akinenepa, wanasema anakula pesa za kikundi! Mwacheni mtu apunguze uzito kwa amani.

Kwa vikundi vyenye hoteli

Tunajua vikundi vingine hapa vinaendesha hoteli na vibanda. Tangu lami ilipofika Moyale katika miaka ya 2010, mabasi ni mengi, na abiria wanakula kwenu. Ninyi hamna haja ya kukisia. Mnaweza kuhesabu kabisa, kwa sababu mnajua kilichoingia sufuriani.

Chukueni mfano wa chapati. Unga wa ngano kilo 2 una kama kalori 7,000. Mafuta robo lita, kama 2,000. Jumla 9,000. Mkitoa chapati 24, gawanyeni: kila moja ina 375. Mkipunguza mafuta yakawa nusu ya hayo, kila moja inashuka hadi kama 333, na chupa ya mafuta inakaa siku nyingi zaidi. Akina mama wanaokusanya maziwa ya ngamia hapa Isiolo na kuyapeleka Nairobi wanapima kila lita, la sivyo biashara ingekufa. Pimeni mafuta vivyo hivyo. Msimimine kutoka kwenye mtungi kwa macho.

Wekeni pia nusu sahani kwenye bei zenu. Wekeni maji safi mezani kabla mteja hajaitisha soda. Wekeni sukari kando. Na mteja akitaka kufungiwa kilichobaki, mfungieni kwa furaha. Bwana wetu alipolisha makutano, mabaki yalikusanywa yakajaa vikapu. Basi kufunga mabaki kusiwe aibu kwetu.

Soda ya mkutano

Tunamalizia na kosa letu wenyewe. Ni nani aliyeleta soda kwenye mikutano ya vikundi? Ni sisi, wafanyakazi wa maendeleo. Kila semina tulikuja na kreti za soda na karai la mandazi, tukidhani ndiyo heshima. Mkajifunza kutoka kwetu, na sasa kikundi kisichotoa soda kinaonekana maskini.

Hebu hesabuni. Kikundi cha watu 25, kila mmoja soda moja ndogo: vijiko 200 vya sukari, yaani gramu 800. Tunakaa kuzungumza juu ya maendeleo huku tumemaliza karibu kilo moja ya sukari. Na pesa ile ingeingia kwenye akiba.

Tunaomba msamaha kwa hilo, na tumeanza kurekebisha. Leo, kama mlivyoona mlipoingia, kuna maji, chai yenye sukari kando, ndizi na njugu. Njugu nazo zina mafuta mengi, kwa hiyo ni ukufi mmoja tu kwa kila mtu! Pesa ambazo zingenunua soda tumezikabidhi kwa mwenyekiti wa mkutano huu, na ninyi ndio mtakaoamua zifanye nini.

Mweka hazina wetu yuko hapa nasi leo, ameketi kati yenu. Kidonda kimepona. Uzito umepungua kidogo kidogo, na dawa anaendelea nazo. Bado anakula hotelini, na siku ya sherehe bado anakula pilau. Lakini ukimuuliza mchana amekula nini, hakuambii tena "chai tu". Anakutajia moja moja, kama anayesoma daftari.



Maswali ya kujadili kikundini

1. Kila mmoja ataje alichokula na kunywa nje ya nyumbani jana. Ni vitu vipi ambavyo hatukuvihesabu kama chakula?

2. Katika hoteli tunayoizoea, sahani moja ya wali au ugali ni ngumi ngapi? Nendeni mkapime kabla ya mkutano ujao.

3. Ni nani katika kikundi chetu anayehitaji kupunguza, na ni nani anayehitaji kuongezewa? Tutamsaidiaje kila mmoja bila kumwaibisha?

4. Mikutano yetu inatumia soda ngapi kwa mwaka? Ni pesa ngapi? Tungefanya nini nazo?